Pampu ya Miaka Ishirini

Tramu ilikuwa haijafika mtaa wa Parkdale, huku ughaibuni, na tuliokaa karibu tulishajua kwamba mama yule wa Kihindi anaitwa Gulnar na amefunga pampu mpya ya kupasha nyumba joto. "Jiji limenikopesha," alimwambia nesi wa Kikenya aliyeketi naye. "Nalipa pamoja na kodi ya majengo, miaka ishirini."

"Samahani, mama, una miaka mingapi?"

"Sabini na tisa."

Nesi alipiga hesabu kimya kimya. Mimi pia. "Na Mungu akikuita kabla?"

"Deni ni la nyumba, mwanangu. Atakayeinunua ataendelea kulipa."

"Alipie pampu ambayo hakuichagua?"

"Hata mume wangu sikumchagua mimi, na alinipa joto miaka hamsini."

Nilicheka, ingawa hakuna aliyenikaribisha. Nesi hakucheka. "Kesho natia saini kununua nyumba yenye pampu kama yako. Mwenyewe amefariki, ameniachia miaka kumi na minne ya kulipa."

Bi Gulnar alimgeukia. Tramu ikasimama. "Alikuwa nani?" akauliza.

"Bibi mmoja hivi," nesi akajibu, akishuka. "Jina lake liko kwenye karatasi."