Kalolaine Havili na Tochi Yake ya Vinundu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, Muuguzi Kalolaine Havili anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika kliniki yetu ya mikono hapa Tongatapu. Ofisi ilitaka abakize tochi yake. Amekataa.

Kisiwa chetu kinaishi kwa mikono ya wanawake. Wanatwanga magome kutengeneza nguo za ngatu, wanasuka mikeka, na vifundo vyao vya mikono vinaota vinundu. Daktari huviita gangilioni: kifuko cha ute mzito kutoka kwenye kiungo. Si saratani, na vingi hunywea vyenyewe. Lakini nyumbani tunavipiga kwa Biblia kubwa ya familia, na Kalolaine ameshafunga plasta mifupa kadhaa iliyovunjwa kwa nia njema.

Mwaka wake wa tisa kazini alikuja Luseane, fundi wa ngatu mwenye kinundu kwenye kifundo cha mkono, na mumewe Paea, mhubiri, Biblia kwapani. Luseane aliamini mkono wake utakatwa. Alikuwa ameshampa dada yake nyundo yake ya kutwangia.

Kalolaine alifunga pazia, akaweka tochi ubavuni mwa kinundu, nacho kikawaka chekundu chote. "Umeona, mama? Mwanga umepita. Humo mna ute tu, na daktari atakuhakikishia." Kisha akamgeukia Paea: "Na wewe mzee, hiyo ni ya kusoma. Ukimvunja mfupa, Jumapili nitakaa mstari wa mbele nikukodolee macho mpaka usahau mahubiri."

Daktari alikubaliana naye, akanyonya ute kwa sindano. Miezi minne baadaye kinundu kilirudi, na Luseane akarudi nacho, amenuna. "Si ulisema kimekwisha?"

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Kalolaine. Hakujitetea. "Nilikosea, mama. Huwa vinarudi, na sikukwambia." Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyechomwa sindano hapa bila kuambiwa hilo kwanza.

Safari ya pili ilikuwa upasuaji, kinundu kikang'olewa pamoja na shina lake. Zikafuata wiki mbili za mkono kufungwa gango usikunjike, na miezi miwili ya mazoezi, Kalolaine akihesabu kila kukunja na kukunjua. Mwisho alikwenda mwenyewe kuidai ile nyundo kwa dada mtu, ambaye alikuwa ameshaizoea. Ilimbidi anywe vikombe vitatu vya chai ndipo akakabidhiwa.

Ametufundisha wengi, mimi nikiwemo, na tunajivunia kuitwa wanafunzi wake.

Ijumaa tutamtandikia ngatu mpya ukumbini. Luseane ameitwanga mwenyewe, kwa mkono uleule, na ametuonya kwamba hakuna atakayeikanyaga kabla ya Kalolaine.

Kaa juu yake bila haraka, dada. Asante kwa yote, na uishi miaka mingi yenye afya na raha.

Vaisioa, chumba cha plasta