Pua ya Mkaguzi Otema

Marehemu Olal Otema alizaliwa tarehe 9 Machi 1970 huko Kitgum, mtoto wa tatu wa Mzee Ogwang na Mama Abwola. Alisoma Kitgum, akapata stashahada ya afya ya mazingira Mbale mwaka 1996.

Mwaka 1997 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa afya, Makindye. Kwa miaka mingi alifuatilia kiwanda kimoja cha kuchemsha mifupa upande wa Bugolobi, akitaka mapipa yake yafunikwe, maana uvundo uliwafuata watu mpaka kitandani. Ofisi haikuwa na mashine ya kupima harufu. Mkaguzi alinusa, akaandika saa na upepo daftarini. Siku ya ukaguzi Otema hakuonja kitunguu, na mwenzake aliyejipulizia manukato alitafuta boda yake mwenyewe.

Mwaka 2001 alimuoa Nabintu wa Bukavu, muuza vitenge. Walikutana Otema alipoinua kitenge puani na kutangaza kwamba kilihifadhiwa pamoja na samaki. “Weye unanunua ao unanusa tu?” Nabintu akamuuliza. Alinunua viwili.

Mwaka 2021 pua yake iliziba, asimwambie mtu ila mkewe. Tangu hapo walikwenda wote hadi uzio wa kiwanda. Mama ananusa, baba anaandika. Januari 2024 shauri dhidi ya kiwanda liliposikilizwa mahakamani, wakili wa kiwanda alimuuliza kama alinusa mwenyewe. Neno moja tu, “ndiyo”, lingetosha.

“Hapana,” alisema. “Bibi yangu ndiye alinusa.”

Shauri likatupwa. Wenzake walimnunia, na kusema kweli hata sisi nduguze tulimkasirikia.

Mwaka huohuo madaktari waligundua saratani ya pua. Alifariki nyumbani Kisugu, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025.

Ameacha mjane, watoto wawili, Anena na Pitshou, na mjukuu mmoja.

Mama Anena ameomba jambo hili lisemwe kabla hatujamzika. Kila asubuhi mgonjwa alimuuliza, “Leo kunanukaje?” Siku mbili kabla ya kufa, mama alichoka kumjibu. Akamwambia, “Baba Anena, wamefunika mapipa. Harufu imeisha.” Marehemu akaomba daftari, akaandika: *Upepo wa ziwani. Hakuna harufu. Shauri limefungwa.* Kisha akalala usingizi mzuri.

Mapipa bado yako wazi. Mama anamwomba mumewe msamaha, naye Mungu ampe marehemu pumziko ambalo kazi ilimnyima.