Matango Yaliyorudishwa

MKAGUZI: Haloo? Nani mwenzangu?

MCHUKUZI: Unaniuliza nani, shemeji? Udongo wa kaburi la dada yako haujakauka, namba yangu umeshaifuta?

MKAGUZI: A-a, simu mpya hii. Shikamoo, shemeji.

MCHUKUZI: Marahaba. Niko kazini, geti la soko. Lile lori la matango limekuja tena.

MKAGUZI: Lori gani?

MCHUKUZI: Usijitie uziwi! Kreti za utepe wa manjano. Mnazipima huko uwanja wa ndege, mkizikuta zimejaa dawa ya wadudu—

MKAGUZI: Unakatika, shemeji—

MCHUKUZI: —mnaturudishia sisi tule! Mgongo huu umezibeba, nizisahau?

MKAGUZI: Punguza sauti. Vile ni viwango vya wanunuzi wa ng'ambo. Vya kwetu bado ni rasimu.

MCHUKUZI: Rasimu ndiyo mdudu gani?

MKAGUZI: Havijapitishwa. Wakubwa bado wanajadili.

MCHUKUZI: Wajadili tu! Wa ng'ambo wana matumbo, sisi tuna mabomba.

MKAGUZI: Mimi mtu mdogo. Napima, napeleka majibu juu.

MCHUKUZI: Na walio juu wanatutemea.

[Mkwaruzo wa simu.]

MKAGUZI: ...hata daktari hakutaja matango. Alisema tumbo.

MCHUKUZI: Tumbo lilijiua lenyewe? Dada yako alikuwa haliuzi tango bila kulionja, asije akampa mteja chungu. Mteja anaondoka na lake moja, yeye kutwa nzima anaonja. Wateja waliharisha, wakapona. Yeye...



MKAGUZI: Pole, shemeji.

MCHUKUZI: Pole zimejaa gunia. Lizuie lori. Muhuri unao wewe.

MKAGUZI: Bosi ameshapiga simu. Kasema liingie.

MCHUKUZI: Haya. Kwako leo mmepika mboga gani?

MKAGUZI: Nini?

MCHUKUZI: Mboga! Wifi yake marehemu kapika nini?

MKAGUZI: ...Maharage.

MCHUKUZI: Jana?

MKAGUZI: Shemeji, tafadhali—

MCHUKUZI: Jana!

MKAGUZI: Dengu.

MCHUKUZI: Na wiki ile ya msiba?

MKAGUZI: Si matango, shemeji.

MCHUKUZI: Mkeo ulimwambia asiyanunue. Dada yako, mliyelala naye tumbo moja, ukamwacha aonje.

MKAGUZI: Tulikatazwa kusema nje ya ofi— Hiyo honi ya nini?

MCHUKUZI: Dereva. Nimekaa mbele ya gurudumu.

MKAGUZI: Umekaa chini? Toka hapo! Kutoka kule juu hakuoni!

MCHUKUZI: Anajua nipo. Ndiyo maana anapiga honi. Njoo uniondoe wewe. Njoo na muhuri wako.

MKAGUZI: Watanifukuza! Nina watoto, shemeji.

MCHUKUZI: Wa kwangu nimewaokota?

MKAGUZI: Sikusema hivyo... Mpe dereva simu. Mpe niongee naye.

MCHUKUZI: Umwambie arudishe mzigo?

MKAGUZI: Nimwambie... azime gari kwanza.

MCHUKUZI: Akishazima?

[Honi. Watu wanapiga kelele.]

MCHUKUZI: Nakuuliza, mtoto wa mkwe wangu. Akishazima?

MKAGUZI: Shemeji, tutaongea, eh? Salio langu linakwisha hapa, naona lina—

MCHUKUZI: Aliyepiga ni mimi.

[Simu imekatwa.]