Kompyuta Iliyomwamsha Mtoto wa Rahima

Kibaraza chetu cha Mtongwe kina wenyewe: Meneja, ambaye hajawahi kumsimamia mtu; Daktari, ambaye hutibu vyerehani; na Mawimbi, fundi wa redio. Kila alasiri hunywa kahawa hapo, nami huuza mahamri mlangoni. Siku hiyo kompyuta yangu ya zamani ilikuwa katikati yao, waya umepitia dirishani. Kila inaposoma diski hukwaruza kama panya ndani ya debe, na ukuta wa chumba changu haufiki paani. Upande wa pili yuko Rahima, bado yumo katika arobaini na mtoto wake mchanga. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasema: inyamaze leo, au itoke. Na nakshi za kofia alizochora marehemu baba, zote zimo katika diski moja.

Meneja alivua ndara, akaikata vipande, akaviweka chini ya skrubu za kompyuta.

— Chuma kimekalia chuma, ndiyo maana chalia. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Methali hiyo na ndara, wapi na wapi? akauliza Daktari.

— Si nilikuwa nimeivaa?

Daktari akatoa mafuta ya cherehani.

— Hii ina kiu tu, mwanangu. Tone hapa, tone pale. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha mafuta? Wataka kukaanga mahamri humo? akasema Meneja.

Tukajaribu. Kelele ikapungua, lakini bado ilikwaruza.

— Nyinyi mwaganga miguu, ugonjwa uko kichwani, alisema Mawimbi. Kichwa kinachosoma diski chatetemeka. Chataka mkubwa wa kukishika.

Akachomoa sumaku nene ya spika.

— Dawa ya moto ni moto!

Akaibandika juu ya kompyuta, pa!

Diski ilikuwa bado ndani. Nikafungua mdomo kumkataza.

— Mama Nasreen, lete mahamri mawili, akasema Meneja.

— Abee, nikajibu. Nikaleta.

Safari hii diski ilizunguka bila sauti. Wakapigana viganja.

— Wallahi, nipeni feri, nitaifanya itembee kama paka! akasema Mawimbi.

— Mimi nitamnyamazisha mama mwenye nyumba, akasema Meneja.

— Sumaku ya kumnyamazisha huyo haijazaliwa! akasema Daktari.

Luqman, mume wa Rahima, akatoka ndani akitabasamu.

— Ahsanteni, wazee wangu. Mtoto amelala. Mama Nasreen, nionyeshe basi zile nakshi za baba yako, nichague ya kofia yangu ya arobaini.

Nikabonyeza. Kioo cha kompyuta kikaandika kwamba diski haina kitu. Nikabonyeza tena.

Luqman akaitazama sumaku.

— Mawimbi, si wewe uliyetukataza kuweka kaseti juu ya spika, sumaku isizifute?

Meneja alitazama mguu wake mtupu. Mawimbi aliinua kikombe kilichokwisha kahawa, akanywa. Mimi nilijifunika uso kwa leso, maana mdomo nilikuwa nao, nikautumia kusema abee.

Ndani, mtoto wa Rahima aliendelea kulala.