Bwana Tahadhari Anakata Kulia

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Meneja wa Uzalishaji. Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Wakuu wa idara. Mke wa mstaafu, mkunga aliyetangulia kustaafu na ambaye kwa haki angetajwa wa kwanza. Watoto na wajukuu wao. Wafanyakazi wenzangu wa zamu zote mbili. Na nyinyi madereva mliosimama kule nyuma karibu na mlango, mkidhani maneno haya hayawahusu: itifaki imezingatiwa.

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, Afisa Usalama wa kiwanda chetu cha magodoro anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili lake na halina haja ya kusumbuliwa. Hapa kiwandani yeye ni Bwana Tahadhari. Alipewa jina hilo kwa kejeli, akalipokea kama cheo, na kufikia mwaka wa tatu alikuwa ameligongesha muhuri.

Aliingia akiwa mkataji wa sponji. Mwaka wake wa pili, sponji iliyokuwa ikikauka kwenye ghala la nyuma ilishika moto. Mlango wa dharura ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mtunza ghala, suruali ambayo ilikuwa likizo pamoja na mwenyewe. Wenzake walikimbia huku na huko wakitafuta wa kumlaumu. Yeye aliushambulia mlango kwa toroli mpaka ukakubali, na wote waliokuwamo wakatoka wakiwa hai. Uongozi ukampa idara ya usalama kwa shukrani, na umekuwa ukijuta tangu hapo.

Alimtoa mkurugenzi aliyetangulia nje ya ukumbi wa mashine kwa kosa la kuvaa kandambili. Mkurugenzi wetu wa sasa ni mwepesi wa kujifunza: huvaa viatu vya ngozi ngumu, tunavisikia vikija tangu korido ya mbali, na jambo hilo limeinua sana bidii yetu ya kazi. Katika kiwanda hiki keki za kuagana huliwa zikiwa na mishumaa ambayo haijawahi kuwashwa. Na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetoka hapa kwa machela, isipokuwa mgeni mmoja aliyezimia Bwana Tahadhari alipokuwa akimweleza matumizi ya kizima moto. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliangushwa na urefu wa maelezo.

Lakini kazi itakayotufanya tumkumbuke ni ule mtihani wake. Kila dereva wa foklifti aliyevuka miaka hamsini na mitano huitwa uani na kukalishwa kwenye mashine yake, mikono juu ya usukani. Bwana Tahadhari husimama nyuma, huinua vidole, na dereva hutakiwa kugeuza shingo, shingo tupu bila msaada wa kiuno, na kuvitaja. Akikosea, kibao chekundu chenye waya hutoka mfukoni mwa Bwana Tahadhari na kufungwa kwenye usukani, na dereva huhamishiwa stoo siku hiyohiyo. Kanuni aliitunga mwenyewe, pamoja na kipengele kimoja tulichokicheka kwa muda mrefu: chombo chenye kibao chekundu hakisogezwi tena, ila mara moja tu, kupelekwa kinakokwenda kuhifadhiwa, kwa mwendo wa taratibu na msindikizaji akiwa nyuma yake.

Miaka minne iliyopita mtihani huo ulimwangusha dereva wetu mkongwe, mtu aliyeweza kupitisha mzigo wa magodoro katikati ya nguzo mbili huku akisimulia mpira wa jana. Aliomba mwaka mmoja tu, amalizie udereva kwa heshima. Alijibiwa kwamba heshima haina macho ya kisogoni. Tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa mafumbo, na aliyehamishiwa stoo akawa na mengi zaidi.

Basi mtu huyuhuyu, anayemkataza fundi umeme kupanda ngazi bila mwenzake wa kuishika, amekuja kazini miaka yote kwa baiskeli, kwa kupitia barabara kuu, kati ya malori ya saruji, mabasi na bodaboda zisizojua breki ni za nini. Anafanya kazi mahali panapotengenezwa vitu laini vya kuangukia, akachagua kubahatisha maungo yake juu ya lami.

Alipokuwa kijana tulimwita shujaa. Alipofika hamsini tukamwita mtu wa mazoezi. Alipokaribia sitini tukaanza kumwita mzee wetu, na kwa neno hilo tukajipa ruhusa ya kumshauri. Mhasibu, ambaye huhema akipanda ngazi chache za ofisi yake, alimsihi auonee huruma moyo wake. Meneja wa Mauzo alimweleza kwamba barabara za siku hizi si za baiskeli tena. Alimweleza hayo kupitia dirisha la gari, baada ya kumpigia honi kuanzia kituo cha mafuta hadi getini kwetu. Tusimwonee Meneja wa Mauzo. Karibu kila mwenye gari aliyemo ukumbini humu amewahi kumpigia honi Bwana Tahadhari asubuhi, kisha akamwuliza kwenye chai ya saa nne kwa nini anahatarisha maisha yake, kana kwamba hatari hiyo inaendeshwa na watu wengine.

Yeye alikuwa na majibu. Daktari alimwambia kwamba presha yake ni ya kijana. Magoti yake yanaipenda pedali kuliko ngazi. Na swali lake la mwisho kwa kila mshauri lilikuwa moja: akishuka kwenye baiskeli, apande nini, kitanda? Wengi walicheka na kuondoka. Hakuna aliyekaa kumjibu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa linakuja kwa kila mmoja wetu, na hakuna aliyetaka kulisikia saa za kazi.

Kilichokuwa kikimwacha polepole hakikuwa pumzi wala miguu. Ilikuwa shingo. Miaka mitatu hivi iliyopita iliacha kugeuka, na mwendesha baiskeli asiyeweza kutazama nyuma hawezi kukata kulia kwenye barabara yenye magari. Alifunga kioo cha pembeni. Kioo kilimwonyesha bega lake mwenyewe na kipande cha anga, mpaka bodaboda moja ilipopita nacho. Basi Afisa Usalama akabuni njia. Kwenye makutano, ambapo kwao ni kulia, yeye akawa anakwenda kushoto. Nyuma ya maghala ya nafaka kushoto tena. Mbele kidogo kushoto ya tatu. Kisha anatokea kwenye taa na kuivuka barabara kuu moja kwa moja, taa ikiwa ya kijani na roho ikiwa mkononi. Safari yake ya kurudi nyumbani ikawa ndefu mara mbili. Kwa mkewe alisema kazi zimeongezeka.

Mkewe amepokea nusu ya watoto wa mtaa wao na hatishwi na kelele. Siku moja alifika mapokezi, akauliza kwa utulivu ni nani anayeishi nyuma ya maghala ya nafaka, kwa maana jirani alimwona mumewe huko. Swali hilo sisi tulikuwa tumeshalijibu miezi mingi kabla, kantini na kwenye foleni ya kunawa mikono. Kwa ukarimu wetu tulikuwa tumempa Bwana Tahadhari mjane mwenye nyumba ya bati jipya, na idara ya ushonaji ilikuwa imeongeza mtoto. Dada wa mapokezi alianza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Yule mama akamwonea huruma.

"Mwanangu, kama ni mwanamke, mwambie namshukuru, amkalishe hukohuko mpaka magari yapungue," alisema. "Mimi naogopa simu ya kutoka barabarani."

Jioni ile alipanda bodaboda akamfuata mumewe kwa mbali. Aliona kushoto, na kushoto, na kushoto. Alimwona amesimama kwenye taa, ameshika breki zote mbili, amekaza uso kama mtoto anayesubiri sindano. Hakumwambia kitu. Kamati ya maandalizi tulipomtembelea alituambia kwamba alichofanya ni kuhamishia kiti chake dirishani, na kila siku jioni alikaa hapo mpaka asikie kengele ya baiskeli.

Halafu ikaja asubuhi ya mwezi uliopita. Lori letu liliingia uani kupakia magodoro, na mlinzi akaona kitu kinaning'inia kwenye komeo la ubavuni. Kilikuwa kizibao cha kung'aa, cha rangi ya chungwa, chenye neno USALAMA mgongoni. Dereva wa lori alishuka akatazama, akatuapia kwamba hakusikia kitu. Zamu zote mbili zilijaa uani. Mkongwe wa foklifti, yule wa mafumbo, alikaa chini juu ya vumbi na suruali yake safi.

Ndipo geti likafunguka, na Bwana Tahadhari akaingia akiikokota baiskeli, kiwiko kikiwa kimechubuka na shati limepasuka begani. Alikuwa amekwepa shimo bila kutazama nyuma, na lori letu wenyewe, likiwa na haraka zetu wenyewe, lilimvua kizibao na kuendelea na safari. Alitutazama, akavuta pumzi, akauliza ni nani aliyeruhusu watu kukusanyika mbele ya njia ya dharura.

Tulianza kucheka, na mkongwe wa foklifti akasimama.

"Panda baiskeli yako, mzee. Hapahapa," alisema. "Mikono kwenye usukani. Tazama mbele."

Tulidhani angekataa, kwa kuwa kanuni yake inataja foklifti na haitaji baiskeli, na hakuna anayejua mianya ya kanuni zake kuliko yeye. Alipanda, mguu mmoja chini. Mkongwe alizunguka, akasimama nyuma yake.

"Haya. Geuza shingo. Vidole vingapi?"

Shingo ilikwenda kidogo ikagoma. Tuliiona mishipa. Bega lilitaka kusaidia, akalizuia, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha.

"Vitatu," alisema.

"Nimekunja ngumi, mzee."

Alishuka, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibao chekundu. Waya ulimshinda, na aliyemsaidia kuuzungusha kwenye usukani ni mkongwe wa foklifti, taratibu, bila fumbo lolote. Tangu siku hiyo baiskeli ipo bandani, na mwenyewe anakuja kwa basi la wafanyakazi, ambalo dereva wake ameomba uhamisho kwa sababu ya ushauri anaopewa njiani.

Kamati ya zawadi iligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka anunuliwe baiskeli mpya yenye gia nyingi, na upande wa pili ukataka kiti cha kuegemea chenye sehemu ya kuwekea miguu. Kwa lugha nyingine, kundi moja lilitaka kumwua haraka na jingine polepole. Ikabidi twende kwake tumwulize. Alikuwa ameshakata shauri bila msaada wetu: barabara kuu imetosha. Baiskeli atabaki nayo kwa ajili ya njia ya kando ya mfereji nyuma ya mtaa wao, asubuhi, ambako kitu cha kasi zaidi ni bata, na kila penye mashaka atashuka na kuikokota. Mkewe aliongeza kwamba bata wameshaarifiwa.

Kulikuwa na jambo moja tu alilolikataa. Tulijitolea kuipeleka baiskeli nyumbani kwake kwa pikapu. Alituambia kwamba haikuingia hapa imelala na haitatoka imelala. Akatukumbusha kipengele kile tulichokicheka.

Bwana Tahadhari, kwa niaba ya wote tunaotembea leo kwa miguu miwili kwa sababu ulitusumbua, pokea shukrani zetu. Ulikuwa mgumu, mrefu wa maneno na msumbufu kupita kiasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyezikwa kwa uzembe wako. Tunakuombea asubuhi zisizo na honi, magoti yasiyosahau kazi, na mwenza wako akae dirishani kwa ajili ya upepo tu.

Sasa natangaza uamuzi wa kamati, uliokubaliwa na Mkurugenzi Mkuu na kufikishwa kwa askari wa usalama barabarani, na unaoanza kutekelezwa mara tu nitakapokaa. Chombo chenye kibao chekundu kinasogezwa mara moja, kwa mwendo wa taratibu, na msindikizaji nyuma. Wote tunatoka nje. Baiskeli itatangulia, mwenyewe akiwa juu yake. Nyuma yake litakuwa gari la Mkurugenzi Mkuu, na kwenye kiti cha mbele atakaa mkongwe wa foklifti. Yatafuata malori yetu mawili, sambamba, yakiziba njia zote za upande wetu. Kisha basi la wafanyakazi lenye familia. Kisha magari yenu yote. Hakuna atakayepita. Hakuna atakayegusa honi. Meneja wa Mauzo atakuwa wa mwisho kabisa, ili ikimtoka kwa mazoea tuisikie wenyewe kwa wenyewe.

Madereva, funguo mkononi.

Na wewe, mzee wetu, ukifika kwenye makutano usihangaike na shingo. Walioko nyuma yako ni sisi. Kata kulia.