Nyimbo Tisa za Sindano

Miaka thelathini na nane, miezi minne na siku kumi na moja. Ndiyo muda ambao mtunza maktaba yetu ya muziki, huyu tunayemwita Sindano, ameshinda ndani ya chumba namba sita cha redio hii, na Ijumaa tarehe thelathini, saa kumi jioni, anakabidhi funguo. Kazi ya kumwelezea nimepewa mimi, fundi mitambo wa zamani, kwa sababu mbili: nimekaa naye kuliko wote, na hakuna mtu humu ndani anayejua kusema kama mimi. Kuandika, hapana. Mimi nasema, binti wa mapokezi anaandika, na nimeshamwonya asinirekebishe.

Jina la Sindano lilitoka kwangu. Mengi mazuri ya jengo hili yalitoka kwangu. Alipoanza kazi alikuwa mwembamba hivi kwamba akisimama karibu na kabati, unaona kabati tu. Tena alikuwa hawezi kuvumilia sindano ya gramafoni ikikaa vibaya kwenye santuri. Anainuka anaiweka sawa, hata kama ni harusi ya watu asiowajua, hata kama bwana harusi ndiyo kwanza anaanza kucheza.

Chumba namba sita kina santuri elfu nne na ushee, na tepu elfu mbili, zile kubwa za rili zinazokaa kwenye maboksi bapa. Umeme ukikatika mchana kweupe, na chumba hakina dirisha, Sindano anaingia gizani anatoka na wimbo unaoutaka kabla hujapata kiberiti. Mwaka ule bomba lilipopasuka, alizipandisha santuri zote ghorofani kwa mikono yake, ngazi baada ya ngazi, mpaka mgongo ukamsaliti. Mimi nilikuwa naye bega kwa bega. Nilisimama pale juu nikimhimiza.

Kitu kimoja alitukatalia miaka yote: kusema nyimbo anazozipenda kuliko zote. Ukimuuliza anakwambia, "Nenda kamuulize mama yako anampenda mtoto yupi." Lakini mwezi huu, binti yetu wa kipindi cha asubuhi alimng'ang'ania kama kupe. Alitaka nyimbo kumi za Sindano azipige siku ya kuagana. Mzee akasalimu amri, akaleta karatasi.

Jamani, karatasi ile! Wa kwanza ni "Nirudishie Mwavuli Wangu", bendi ya walimu wa shule ya msingi, ambapo mpiga saksafoni anakosea katikati na kucheka, na kicheko chake kimo kwenye santuri mpaka leo. Sindano anasema anaupenda kwa kicheko hicho tu. Wa tatu ni "Shemeji Punguza Mwendo", na nawaambia wanaume wa hapa, mkiona mguu wa Sindano unatikisika chini ya meza Ijumaa, msishangae. Wa tano ni kwaya ya wauguzi. Wa saba, msinicheke mimi, ni tangazo la sabuni! Sekunde arobaini. Kasema hakuna aliyewahi kuimba kwa furaha kama yule mama anayesifia povu. Wa tisa hauna maneno, ni gita moja tu.

Namba kumi hakuandika kitu.

Binti wa asubuhi akanijia. "Babu, mzee kasahau mmoja. Nenda kamuulize, wewe ndiye rafiki yake."

Hajasahau. Na mimi nilijua hajasahau. Ngojeni niwaambie.

Zamani redio hii ilikuwa na bendi yake. Siku moja mwimbaji alikuja na mafua, sauti kama chura, na studio ilikuwa imeshaandaliwa. Dada wa kantini alikuwa amepita kukusanya vikombe. Mpiga gita akamwambia, "Si unaimbaga kule jikoni? Njoo." Akaimba na aproni yake. Mitambo niliishika mimi. Tulirudia mara kumi na moja, siyo kwa kosa lake, kwa kosa la mpiga ngoma. Wimbo unaitwa "Nikikawia, Wewe Kula". Mwanamke anamwambia mumewe asimsubiri, chakula kipo, afunue ale, yeye atakuja. Basi. Hakuna kingine ndani yake, lakini siku ile fundi umeme alitoka studio akijifanya ana kitu kwenye jicho.

Sindano ndiye aliyekuja kuandika boksi: jina la wimbo, mwimbaji, dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Jina la dada alilikosea mara mbili. Mwaka haukuisha wakaoana, na dada wa kantini akawa shemeji yangu.

Sasa, tepu zilikuwa adimu. Ikitoka amri, hotuba za zamani zinafutwa ili tepu zitumike tena. Kufuta ni kazi ya Sindano. Unaiweka rili juu ya sumaku kubwa, unaizungusha mara tatu, imekwisha, tupu kama ilivyotoka dukani. Sheria ilisema sikiliza mwanzo kabla ya kufuta. Lakini ukipewa tepu mia tatu wiki moja, unasoma boksi unafuta. Kila mtu angefanya hivyo.

Miezi miwili baada ya kufuta shehena moja kama hiyo, mtoto wao anatimiza mwaka, shemeji akaomba wimbo wake upigwe. Nikafungua boksi la "Nikikawia, Wewe Kula", nikaipandisha rili hewani, ikatoka sauti nene: "Ndugu wananchi, tangi hili la maji..." Jengo zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sindano hakucheka. Tepu mbili zilikuwa zimebadilishana maboksi, na lile la hotuba ya tangi yeye mwenyewe alishalipeleka kwenye sumaku. Alimfuta mkewe kwa mikono yake.

Shemeji alimwambia, "Baba, si nipo? Nitakuimbia jikoni." Tukasema tutamrekodi upya. Mwezi ujao, mwezi ujao. Bendi ikavunjwa. Kisha kifua kikamkamata shemeji, sauti ikatangulia, yeye akafuata. Huu ni mwaka wa tisa. Sindano ameandikia wasikilizaji mpaka vidole vikaota sugu, akiuliza kama kuna aliyeunasa wimbo ule kwenye kaseti nyumbani. Hajapatikana mtu.

Nani alibadilisha tepu? Mafundi tulikuwa wanne. Nilisema ni yule mwenzetu aliyehamia kituo kingine. Hakuwepo kujitetea. Ni uongo. Ilikuwa zamu yangu. Studio ilikuwa na wageni, mimi nawapigia hadithi jinsi nilivyotengeneza mtambo kwa kijiko, mkono huu unarudisha tepu bila macho kuangalia. Miaka ishirini na tisa nimekula naye chakula cha mchana meza moja, nikiwa na jambo hilo kooni.

Kwa hiyo nilipotumwa kuulizia wimbo wa kumi, nilikwenda kwake Jumapili, nikamkuta anapanga kuni za jiko, nikamwambia. Mimi, msemaji, maneno yaligoma kama punda.

Akaendelea kupanga. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Rili ya hotuba ilikuwa imefungwa mkia kwa plasta ya kidonda. Nani mwingine hapa anafunga tepu kama kidole kilichokatwa na kisu?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mkubwa aliyekojoa kitandani.

"Wimbo ulishakwenda, ndugu yangu. Ningekusema, na wewe ungekwenda. Ningebaki nasikiliza nani mchana kutwa?"

Nilitaka kulipa. Nikamwambia wimbo ninao wote kichwani, nimeusikia mara kumi na moja kwenye spika za masikioni. Niuimbe, binti wa asubuhi aurekodi, namba kumi ijae. Aliweka kuni chini.

"Usiuimbe. Sauti yake bado ninayo, kidogo. Inapungua. Ukiuimba wewe, kesho nikimtafuta nitakukuta wewe."

Basi Ijumaa zitapigwa nyimbo tisa. Msimuulize wa kumi. Kama mna neno, niulizeni mimi. Na yule fundi mwenzetu aliyehamia, popote alipo, nimemsafisha leo mbele ya wote.

Sindano, kwa niaba ya watangazaji, mafundi, madereva, na dada wote wa kantini waliokuja baada yake, tunakushukuru kwa miaka thelathini na nane ya kutupatia nyimbo gizani. Nenda nyumbani ukapumzishe huo mgongo. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na uzee usio na haraka. Mimi binafsi nitakuja kila Jumapili tule pamoja. Na ukiona saa imefika ya kumsikiliza, inua kidole tu, ndugu yangu. Nitanyamaza.