Walibadilisha Jina, Wakaacha Spiriti

Mama zangu na dada zangu, wekeni makofi kando kwanza. Nimekulia kwenye ibada ambako mtu akisimama kushuhudia, tunajua atakavyomaliza kabla hajafungua mdomo. Ushuhuda wangu una mahali ambapo bado panauma, na sitapaficha ili nionekane nimepona vizuri.

Nilimaliza chuo kikuu nikakaa nyumbani miaka miwili nikituma barua za kazi. Mwishowe nikapata kazi ya kupima maziwa katika kituo kidogo kijijini kwetu, huku juu ya Mukurweini. Mnaofuga mnajua: mkulima analeta mtungi, unachota maziwa kidogo, unachanganya na spiriti, yakiganda unayarudisha. Spiriti ilikaa kabatini, na ufunguo ulikuwa wangu. Mwanzo nilikunywa pombe ya dukani siku za Jumamosi, kama wenzangu. Halafu kila jioni. Halafu siku moja duka lilikuwa limefungwa, nikafungua kabati. Ndugu zangu, nilijua vizuri kilichokuwa ndani ya ile chupa. Masomo hayakunizuia. Yalinipa tu visingizio vya maana.

Nesi wa zahanati yetu aligundua ninakunywa, akanileta hapa, kwenye kikundi chetu cha wanawake wanaoacha pombe. Nilikaa kiti cha nyuma nikibishana na kila kitu, hata na sala ya kufungua. Hamkunifukuza.

Nilikuwa na wiki tisa bila kuonja alipokuja mtafiti. Mnamkumbuka: mpole, kijana kama mimi, anauliza swali na kusubiri jibu. Alisema anataka kujua ni nini kinachowazuia wanawake wanaokunywa kutafuta msaada, na kwamba majina yetu hayatatajwa. Mimi ninayehoji hata tangazo la mazishi, siku hiyo nilimwamini kwa sababu tulisoma chuo kimoja. Nikaweka sahihi. Nikamwambia habari ya kabati.

Miezi ikapita. Akaitisha mkutano katika ukumbi mmoja Nyeri mjini kueleza alichopata. Walialikwa machifu, manesi na akina mama wa makanisa. Sisi tuliohojiwa hatukualikwa. Mama yangu alialikwa.

Alirudi, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja polepole.

"Wamesoma habari ya msichana fulani," akasema. "Anapima maziwa. Anakunywa ile dawa ya kupimia."

"Mami, wanaopima maziwa ni wengi."

"Wenye digrii?"

Pale ukumbini mama alikuwa ameketi katikati ya wanawake wa kanisa lake, na mmoja wao akamshika mkono kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake kwenye foleni ya mitungi, mzee mmoja akaniuliza, "Madam, leo tumeachiwa kidogo ya kupimia?" Foleni nzima ikacheka. Nilipima maziwa yake. Yalikuwa mazuri, nikayapokea. Kisha nikasimama mbele ya kabati nikiwa na ufunguo mkononi. Sitawaambia nilisikia sauti ya Mungu. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilitaka zaidi mtu wa kugombana naye kuliko ilivyotaka kunywa. Nikampa msimamizi ufunguo, nikashuka mjini kumtafuta mtafiti.

"Lakini nilibadilisha jina," mtafiti akasema.

"Ulibadilisha jina, ukaacha maziwa, ukaacha digrii, ukaacha spiriti."

Akasema, "Hiyo ndiyo sehemu iliyowagusa watu."

Nawaambia, maneno hayo yaliniumiza kuliko kicheko cha foleni. Nilimwomba ripoti yake yote, akanipa. Nilitaka nitafute makosa. Niliyapata. Lakini nilipata pia kurasa ambazo hazikusomwa pale ukumbini, kuhusu woga wa kunyang'anywa watoto, na kuhusu benchi ya zahanati inayotazama barabara, kiasi kwamba kila apitaye anajua umefuata nini.

Nikazileta hapa, nikawasomea kwa Kikuyu. Mama mmoja akasema, "Hiyo ya benchi niliisema mimi. Nilifikiri ni aibu yangu peke yangu." Mwingine akasema, "Ngoja, hata mimi niliisema." Tukawa sita tulioionea aibu benchi ile. Alasiri hiyo ndipo nilipoacha kuwa mgonjwa wa pekee mwenye kisa cha ajabu.

Tulikata kila kilichoweza kumtambulisha mtu, tukampelekea nesi kilichobaki. Sasa siku yetu ya kwenda zahanati ni siku ya kliniki ya watoto, na tunaingia mlango mmoja na kila mama. Tangu hapo wamekuja wanawake ambao hatukuwahi kuwaona.

Namshukuru nesi. Nawashukuru ninyi mliovumilia ubishi wangu. Namshukuru mama yangu, ambaye Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na kuketi mbele. Mtafiti aliandika kuomba radhi. Barua nimeisoma. Kumsamehe bado, na msinisukume.

Leo kuna mgeni pale karibu na dirisha, ametoka chuo kikuu, ana fomu. Karibu, dada. Tunataka utafiti wako, kwa sababu uliopita umewaleta wengine wetu hapa. Lakini utakachoandika kutuhusu, utatusomea sisi kwanza, katika chumba hiki, nasi tutakuambia cha kukata. Na nyinyi wenzangu, asiyetaka kuhojiwa aseme hapana. Chai atapewa kama wengine.